Jina Langu kwenye Fimbo Yako

Mwanangu Zuhura,

Nakuandikia kwenye meza ya kazi, jua halijazama, na mama yako yuko ndani anapima mabegi yako kwa mara ya tatu. Habari za sweta, za pasipoti, za kutokubali kumbebea mtu mzigo uwanja wa ndege, yeye ameshakwambia na kesho atakwambia tena ndani ya gari. Mimi huko sina la kuongeza. Najua Kiswahili cha kuandikwa unakisoma polepole, unafuata mstari kwa kidole kama ulipokuwa darasa la kwanza. Isome ukiwa angani, una saa nyingi. Na mimi maneno haya yamenichukua miaka sita.

Nitaanzia mbali kidogo. Usije ukadhani natafuta udhuru. Ni kwamba nisipoanzia huko hutaelewa mtu kama mimi alifikaje pale alipofika.

Unajua kwamba kuchonga nilifundishwa Unguja na Ami Haji, mdogo wake babu yako. Usichokijua ni kwamba mwaka mzima wa kwanza sikuchonga kitu. Nilinoa patasi na kufagia. Ami alikuwa akichonga milango ya watu wenye uwezo, na juu ya kizingiti alikuwa akiandika aya, mwaka, na jina la mwenye nyumba. Siku moja nikamuuliza, "Na jina lako liko wapi, Ami?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mlango una mwenyewe. Fundi anapita tu." Nililipenda neno lile. Nilipokuja Johannesburg nilikuja nalo, na kila nilipoona mtu anajitangaza nilimdharau kwa neno lile la Ami.

Ila huku hakuna aliyetaka mlango wa nakshi. Watu walitaka kufuli na nondo. Siku za kazi nilikata mbao za makabati ya jikoni kwenye kiwanda cha mtu, Jumapili nikauza sokoni kwa watalii. Nilichonga twiga. Mimi, mtu wa Unguja, ambaye twiga nilimwona kwa macho yangu mara ya kwanza kwenye bustani ya wanyama hapa hapa Johannesburg, tena nikiwa na wewe mgongoni. Twiga walipozidi sokoni nikajifunza kuzeesha vitu. Unachemsha fimbo kwenye chai nyeusi, unaisugua dawa ya viatu, unaizika uani wiki mbili, kisha unamwambia mzungu ni ya chifu, ina miaka mia. Walikuwa wakiamini. Mimi nikajiambia huo si uongo, ni hadithi tu inayokwenda na bidhaa.

Hapo ndipo Mzee Clyde, mgeni wa kutoka ng'ambo, alipotukuta. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umekaa nyuma ya meza unafanya kazi ya skuli. Nadhani unakumbuka kofia yake, lakini sidhani kama ulisikia tulichozungumza. Alichukua fimbo moja, akaizungusha mkononi, akainusa.

"Chai," akasema. "Na dawa ya viatu. Sisi kwetu tunatumia maganda ya jozi."

Nikazipanga upya fimbo nyingine mezani.

"Nani aliichonga?"

"Mzee mmoja wa zamani sana," nikamwambia.

Akautazama mkono wangu. "Huyo mzee wa zamani ana kidonda kibichi kwenye kidole gumba."

Nilidhani ataita askari wa soko. Badala yake alicheka, akainunua, na Jumapili iliyofuata akarudi, akapindua kreti la soda, akakaa, akatoa kisu cha mfukoni na kipande cha mti laini. Mtoto wake wa kiume alikuwa na kazi hapa mjini kwa mkataba, na mzee alikuwa amechoka kukaa peke yake kwenye nyumba yenye ukuta na waya wa umeme. Akaja Jumapili zote, karibu miaka miwili.

Ni yeye aliyetuambia habari za kwao, huko milimani unakokwenda. Kwamba nyumba zao zina baraza mbele, na msimu wa baridi, shamba likilala, wazee hukaa wakichonga kwa kisu kimoja tu, bila patasi wala jiliwa la kubania mti. Mnyororo mzima kutoka kipande kimoja cha mti, pete ndani ya pete, bila gundi. Fimbo zilizokatwa pale mmea wa kutambaa ulipousonga mti mchanga mpaka ukajipinda kama nyoka, mchongaji akaongeza macho na ulimi tu. Mistari iliyochorwa kwa ncha ya kisu na kupakwa masizi ili isimame. Mimi nilizoea nakshi za majumba makubwa. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akisifu nakshi ya kijiko cha jikoni.

Alituambia pia habari ya bibi yake, aliyechonga kibao cha kupigia chapa siagi. Suke la ngano, limechongwa kinyume, ili likigandamizwa kwenye siagi litoke sawa. Kibao hicho kiliishia kwenye nyumba ya makumbusho, ndani ya kioo, na chini yake pameandikwa: mchongaji hajulikani. Mzee Clyde alikwenda akamwambia mlinzi, "Anajulikana. Ni bibi yangu. Aliitwa Odessa." Mlinzi akamjibu, "Mzee wangu, mimi kazi yangu kulinda mlango."

Tulicheka sote. Wewe hukucheka. Uliuliza, "Kwa hiyo mpaka leo hawajaandika?" Akasema hawajaandika.

Yeye ndiye aliyekufundisha. Mimi sikukufundisha. Hili nalitaja kwanza kwa sababu ndilo kosa lililotangulia. Nilikuwa na mtoto mmoja, anakaa nami benchi moja, mikono imetulia kuliko yangu nilipokuwa na umri wake, na nikamwambia patasi si kazi ya mtoto wa kike. Mzee alipokupa kile kisu na wewe ukajikata siku ile ile, nilitaka kumrudishia. Akaniambia, "Mwache, Khamis. Kidole kitajifunza." Ulivunja minyororo mitatu. Wa nne ukatoka mzima, pete saba, ukaja kunionyesha, na mimi nikasema nini? Nikasema, "Umemaliza kazi ya skuli?"

Mkataba wa mwanawe ukaisha, wakarudi kwao. Wewe ukaendelea peke yako.

Sasa nafika kwenye fimbo.

Dhoruba iliangusha tawi la mjakaranda kwenye mtaa wetu hapa Bertrams, ukaliburuta mpaka ndani, ukalilaza chini ya kitanda chako mwaka mzima likauke. Mama yako alilalamika habari ya mchwa. Ulipokuwa na miaka kumi na saba ukalichonga, miezi minne. Njia inayopanda kwa kuzunguka fimbo, na juu ya njia watu wa mtaani kwetu: wale wanaovuta mikokoteni ya chupa na makaratasi, yule mama wa Kikongo anayesuka nywele kwenye kona, foleni ya kiduka cha spaza, na mimi na begi langu la vifaa, nimeinama kidogo. Kileleni hukuchonga kitu, uliacha gome. Nilikuuliza kwa nini hukumalizia. Ukasema, "Imeisha, Baba." Nikaona kiburi cha mtoto. Siku hizi nikiifikiria naona gome lile ndilo lililonishinda. Mimi nisingethubutu kuacha.

Yule mama wa duka la sanaa alikuja hapa karakana asubuhi moja, wewe uko skuli. Nilikuwa nimemwomba miaka mitatu aje aone mbao zangu za nakshi. Alizipitia haraka, akasema zinapendeza kama mapambo, nikajua jibu lake. Akageuka kuondoka. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta. Akaishika, akakaa nayo chini, sakafuni kabisa, na suruali yake nyeupe kwenye vumbi la mbao. Aliitazama muda mrefu.

Akauliza, "Nani kachonga hii?"

Nikasema, "Mimi."

Zuhura, nimejaribu sana kukumbuka kama nilifikiri kabla ya kusema. Sikufikiri. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Haikuwa fedha. Ningekwambia ni fedha ungenielewa upesi, tulikuwa na shida kweli. Lakini ni kwamba alikaa sakafuni. Miaka yote niliyochonga hakuna mtu aliyekaa sakafuni kwa ajili ya kitu changu, na nilitaka iwe mara moja. Akanipiga picha pale pale, nimeishika, kisha akaondoka nayo.

Wewe ulipouliza fimbo iko wapi, nilisema kuna mtu ameiazima kuiangalia.

Nilijua kuna maonyesho. Sikuwaambia. Sikujua kwamba mwalimu wenu atawapeleka. Siku hiyo ulirudi umepanda ngazi mbio, bado na sare, ukaniambia kwa kile Kiingereza chako cha haraka, "Baba, eish, fimbo yangu ipo kule! Ipo kwenye kioo! Lakini wamekosea, wameandika jina lako."

Ulikuwa unafurahi. Hicho ndicho kinachonirudia. Haikukupitia akilini hata kidogo kwamba ni mimi. Ulinifungulia mlango kabisa, kilichobaki ni mimi kusema, "Hapana, mwanangu, hawakukosea wao." Mama yako alikuwa jikoni anasikia. Nikakwambia, "Ndiyo, watakuwa wamekosea."

Uongo wa kwanza niliusema bila kufikiri. Huu wa pili niliufikiria.

Ukakaa ukawaandikia barua nzuri, ya heshima, kuwaomba warekebishe. Hukuniambia. Yule mama akakupigia simu akakwambia ni mimi mwenyewe niliyesema, na picha anayo. Ulikuja hapa kwenye meza hii, nikiwa nanoa, ukaweka kile kisu cha Mzee Clyde mbele yangu, kimekunjwa, ukatoka. Ningekuwa mtu ningekufuata. Niliendelea kunoa mpaka patasi ikaanza kupungua.

Miaka miwili na nusu hukugusa mti. Ukaenda kwenye kazi ya kujibu simu, ukawa unarudi sauti imekauka. Nyumbani tulisalimiana vizuri. "Shikamoo Baba." "Marahaba." Mgeni angedhani hakuna kitu. Mama yako alikuwa akiniuliza kila baada ya muda, "Umemwomba radhi?" Nikamwambia, "Ameshasahau yule, ni mtoto." Akasema, "Anayetaka kusahau ni wewe." Yeye na mimi tuligombana kwa hilo zaidi ya lolote jingine katika ndoa yetu, nawe hukujua, tulikuwa tukigombana ukiwa kazini.

Nilikuwa na hoja zangu. Nilijiambia kwetu fundi haandiki jina, basi jina ni kitu gani? Lakini Ami Haji hakuandika jina lake, na wala hakuandika jina lake juu ya kazi ya mwenzake. Hayo ni mambo mawili mbali kabisa, na nilijua. Neno zuri la mtu mwema nililigeuza shuka la kujifunika.

Sijui kilichokurudisha. Sikukuuliza, naogopa bado kukuuliza. Siku moja nilikuta unga wa mbao kwenye mkono wa sweta yako, ndipo mama yako akaniambia kwamba jioni unachonga vijiko kwenye roshani ya rafiki yako kule Berea. Kile kisu nilichokiweka kwenye droo yangu kilikuwa hakipo tena. Nilifurahi, nikaogopa kuonyesha kwamba nimefurahi. Mwaka wa pili ukaanza kuja karakana siku za Jumamosi, ukachukua ile kona ya dirishani. Ubao wako wa nakshi ya mzabibu wenye ukingo wa mnyororo uliuchongea pale, ukautundika ukutani mwenyewe, bila kuniuliza. Ulifanya vizuri kutoniuliza.

Halafu ukaja na ile fomu ya skuli ya uchongaji ya binti yake Mzee Clyde, hiyo unayoiendea kesho, banda lao la zamani la tumbaku walilolifanya darasa. Ulikuwa umeshaijaza yote. Ulitaka tu nikukumbushe tahajia ya jina la ukoo la mzee, Mungu amrehemu, kwa sababu paliulizwa: nani alikufundisha? Nilikutajia herufi moja moja. Ukaandika, ukakunja karatasi. Kisha ukaikunjua tena ukaongeza kitu, na mimi, baba mtu mzima, nilichungulia. Uliandika: na nilimtazama baba yangu. Nilitoka nje nikasimama uani.

Wiki hiyo nilikwenda kwa yule mama wa duka la sanaa. Hili hulijui. Nilimwambia kwamba fimbo ile ni kazi ya Zuhura binti Khamis, akiwa na miaka kumi na saba, na kwamba binti huyo alipomwandikia alikuwa anasema kweli. Alinitazama, akauliza kwa nini nimekuja leo. Nikamwambia kwa sababu leo nimeweza. Akasema fimbo ilinunuliwa zamani, iko nje ya nchi, atamwandikia mwenye nayo. Ameandika kweli, alinionyesha. Mpaka leo hakuna jibu. Mbao zangu mbili alizokuwa nazo alinirudishia, na hataki tena kazi yangu, na ana haki. Kwa hiyo sina cha kukukabidhi, mwanangu. Fimbo siwezi kuirudisha, na pengine pale ilipo bado ina jina langu. Ningependa mambo yawe yameisha vizuri kuliko hivi.

Leo adhuhuri alikuja mchungaji mmoja, Mkongo, kanisa lao linafungua jengo Berea na wanataka mlango. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga marafiki. Alitazama kila kitu, akasimama mbele ya ubao wako wa mzabibu.

"Baba, tuko nataka sawa huu," akasema. "Ni nani alitengeneza? Ni weye?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni binti yangu. Anaitwa Zuhura. Anasafiri kesho, atarudi mwakani akijaaliwa."

"Sasa tutamungojea mwaka muzima?"

"Mkitaka mkono huu, mtamngojea. Mkitaka wangu, huu hapa, ni mwingine. Tazama mwenyewe."

Akatazama. Akasema atazungumza na wazee wa kanisa. Sijui kama atarudi. Lakini alipoondoka nilikaa benchini, kwa sababu lilikuwa swali lile lile, ndani ya chumba kile kile, na jibu lilikuwa jepesi kiasi kwamba niliona aibu upya.

Huko uendako kuna mambo mawili matatu najua yatakufika, kwa sababu yalinifika mimi. Watakuomba uchonge Afrika. Watataka tembo. Ukipenda tembo mchonge, lakini usimchonge kwa sababu unadhani ndiyo nauli yako ya kukaa pale. Wewe ni mtoto wa Bertrams, mjakaranda unaujua kuliko mnazi. Na utakutana na mzee mwenye kisu kimoja ambaye atakushinda, na utataka kuiga mpaka mkono wako usionekane. Iga, ndiyo kujifunza. Ila siku ukiona umeacha gome mahali ambapo wote wanamalizia, na moyo wako umetulia, usimsikilize mtu kama mimi.

Na ukimkosea mtu, maana utamkosea, mwambie siku hiyo hiyo. Mimi nilidhani nangoja wakati mzuri. Hakukuwa na wakati mzuri. Kila siku niliyongoja ilizidi kuwa ngumu, na wewe ulikuwa chumba cha pili.

Kesho uwanja wa ndege nitakuwa vile ninavyokuwa. Nitazungumza habari za mabegi, nitamkosoa mama yako njia ya kupita, nitakwambia usisahau kula. Usinijibu pale. Ukitaka kunijibu, jibu kwa lugha yoyote unayoiweza, nitamtafuta mtu anisomee. Ukikaa kimya pia nitaelewa, nina mazoea nacho. Mama yako ananiita sasa, mzani umesema begi limezidi na anataka nichague cha kutoa, kama kwamba mimi ndiye nitakayeshinda mbele yenu wawili.

Kabla sijaingia ndani niandike lile ambalo ningesema siku ile uliyopanda ngazi mbio.

Hawakukosea wao. Fimbo uliichonga wewe, kuanzia chini mpaka kwenye gome, na mimi nilisema ni yangu. Niwie radhi, Zuhura.

Baba yako,
Khamis